Kovu, kishimo au ndui? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtafsiri hapa Nairobi. Wiki moja naletewa kijikaratasi cha afya, wiki nyingine maelezo ya krimu ya uso, nyingine maneno ya kupitishwa chini ya filamu. Katika kazi zote hizo kuna kitu kimoja kinachonikwamisha: yale makovu yaliyoingia ndani, yanayoiacha ngozi na vishimo. Wenzangu huniuliza yanaitwaje, wanafunzi huniuliza, na muuza vipodozi mmoja wa Dubois Road aliniuliza huku ameshika kichupa mkononi, lebo iko tayari kubandikwa. Maswali hayo nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa kuwa yamewahi kuniumiza. Mengine jibu lake ni la mstari mmoja.

Basi yanaitwaje kwa Kiswahili?

Utajibu kwa kuuliza yalitokana na nini. Yakiwa yametokana na ndui, ni makovu ya ndui, na hilo ni jina la tangu zamani ambalo kila mzee analijua. Yakiwa yametokana na kitu kingine, sema makovu yaliyobonyea, au makovu ya vishimo, kisha utaje chanzo: makovu ya chunusi yaliyobonyea, vishimo vya tetekuwanga. Neno moja la kuyabeba yote kwa mpigo silijui, na sioni haja ya kulibuni.

Kwa nini Waingereza wana neno moja na sisi hatuna?

Neno lao ni pockmark. Pock ni kipele chenye usaha, mark ni alama. Hata ile pox tunayoisikia kila mara siku hizi, asili yake ni wingi wa pock tu, yaani vipele. Wao walianzia kwenye kipele, si kwenye ugonjwa mmoja, ndiyo maana neno lao linatembea: ndui limo, tetekuwanga limo, chunusi limo, hata ukuta uliopigwa risasi.

Kiswahili kilianzia kwingine. Kilikuwa na kovu, neno pana la alama yoyote inayobaki jeraha likipona, na kilikuwa na ndui, jina la ugonjwa. Karne ya 19, ndui ilipokuwa ikisafiri na misafara kutoka pwani kwenda bara na kurudi, hapakuwa na sababu ya kutafuta neno la tatu. Aliyeonekana na vishimo uso mzima, watu walijua alikopitia. Ugonjwa ukaondoka, maneno mawili yakabaki yameshikana, na sisi tuliozaliwa baadaye ndio tunaohangaika kuyatenganisha.

Ndui ni ugonjwa gani? Si ndiyo tetekuwanga?

Siyo, na kosa hili nalikuta kila mwaka, hata kwenye kazi za watu waliosoma.

Ndui ilikuwa ugonjwa wa virusi ulioanza kwa homa kali na maumivu ya mgongo, kisha vipele vikatoka, vingi zaidi usoni, mikononi na miguuni kuliko kifuani na tumboni. Vilitoka pamoja, vikajaa usaha pamoja, vikakauka pamoja. Katika aina yake kali, karibu watu 30 kati ya kila 100 walioambukizwa walikufa. Tetekuwanga huletwa na kirusi cha ukoo mwingine kabisa. Vipele vyake huanzia zaidi kiwiliwilini na hutoka kwa awamu, kiasi kwamba kwa mtoto mmoja unaweza kuona kipele kipya, lengelenge na kigaga kwa wakati mmoja. Na tetekuwanga ipo bado. Shuleni inapita kila mara. Ndui haipo.

Kuhusu kutokuwepo kwake, mji wetu una sehemu katika habari hiyo, ingawa sijakutana na wengi wanaojua. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui katika hali ya kawaida, nje ya maabara, alikuwa jirani yetu: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, ambaye vipele vilimtoka Oktoba 1977. Yake ilikuwa ile aina nyepesi, na alipona. Ikabidi kungoja miaka miwili ili kuhakikisha hakuna mwingine. Ilipotimia, Oktoba 26, 1979, Halfdan Mahler, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alikuwa hapa Nairobi kutangaza kwamba Pembe ya Afrika imeachana na ndui. Tangazo la dunia nzima lilifuata Mei 8, 1980. Maalin mwenyewe aliishi miaka mingi baadaye akihimiza watu wachanje watoto dhidi ya polio, na ni malaria iliyomuua mwaka 2013, akiwa kwenye kazi hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukiandika leo kwamba mtoto wa darasa la pili ana ndui, umeandika habari ambayo ingeitikisa dunia. Nadhani ulitaka kusema tetekuwanga. Watu wengine husema tetewanga, sawa tu.

Na ukambi?

Ukambi ni surua. Huku Kenya utasikia yote mawili, na ukivuka mpaka kuingia Tanzania utasikia surua au shurua zaidi. Vipele vyake ni vya juu juu na kwa kawaida haviachi vishimo. Usiutie katika hesabu hii.

Mbona ndui iliacha mashimo na magonjwa mengine yakaacha madoa tu?

Kwa sababu kipele chake kilikita ndani. Kiliziharibu tezi za mafuta zilizo ndani ya ngozi, ambazo usoni ni nyingi kuliko kwingineko, na mahali palipoharibika palipopona pakajikunyata na kuvuta ngozi chini. Hivyo shimo. Katika aina kali ya ndui, waliopona wakabaki na vishimo hivyo walikuwa kati ya 65 na 80 katika kila 100. Ndiyo maana wakati wa kampeni ya kuutokomeza ugonjwa, wahudumu walikuwa wakizikagua nyuso za watoto kijiji hadi kijiji. Wasipopata vishimo kwa watoto waliozaliwa baada ya mwaka fulani, walijua ugonjwa ulikatika hapo lini. Uso ulisomwa kama daftari.

Tetekuwanga nayo huweza kuacha kishimo kimoja viwili, hasa mtoto akivikuna vigaga kabla havijaanguka. Karibu kila mtu ninayemjua ana kimoja, mara nyingi kwenye paji la uso au karibu na pua. Angalia kioo.

"Ana ndui usoni" maana yake ni mgonjwa au amepona?

Zamani ilikuwa na maana zote mbili, na mazungumzo yenyewe ndiyo yaliyoamua. Leo, kwa kuwa mgonjwa hayupo, msemo huo unaweza kumaanisha makovu tu. Lakini msomaji kijana hajui hilo, naye atashtuka. Andika "ana makovu ya ndui usoni". Umeongeza maneno mawili na umeokoa maelezo mengi.

Naweza kuyaita makovu ya chunusi "makovu ya ndui"? Si yanafanana?

Yanafanana, na mimi niliwahi kufikiri kwamba kufanana kunatosha. Acha nikusimulie.

Julai 31, 2024, wizara ya afya ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini amepatikana kwenye mpaka wa Taita Taveta, dereva wa masafa marefu. Wiki mbili baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Shirika moja, ambalo sitalitaja, likaniletea kijikaratasi usiku, likikitaka asubuhi. Mpox, ambayo wengine waliiita homa ya nyani na wengine ndui ya nyani, inaweza kuacha makovu yaliyobonyea. Kufika hapo nilikuwa nimechoka. Nikaandika: "Baadhi ya wagonjwa hubaki na makovu ya ndui." Likapita kwa wasomaji wawili bila yeyote kuligusa. Likachapishwa.

Siku ya tatu nikapigiwa simu na mama mmoja anayejitolea katika afya ya jamii huko Eastleigh. Hakunisalimia sana. "Ndugu yangu, ni wewe uliandika hii karatasi? Kuna mzee hapa amekulia Somalia, amewaona watu wakifa na hiyo kitu. Ananiuliza, binti yangu, ndui imerudi lini na kwa nini serikali imenyamaza. Nimwambie nini?"

Sikuwa na la kumwambia. Mzee alisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilikuwa uongo. Kirusi cha mpox na cha ndui ni ndugu wa ukoo mmoja, kweli, lakini kovu lililoachwa na mmoja si la mwingine. Toleo la pili lilisema "makovu madogo yaliyobonyea", na hakuna aliyepiga simu.

Tangu hapo sheria yangu ni hii: jina la ugonjwa liandikwe pale tu ugonjwa huo ulipopita. Kwingineko taja umbo. Chunusi iache na makovu yake yenyewe.

Tundu, shimo, kishimo, bonde: lipi linafaa kwa ngozi?

Swali hili ndilo ninalolipenda zaidi.

Tundu hupita, au huelekea kupita. Tundu la sindano, tundu la pua, tundu la ufunguo, tundu la panya: kuna kitu kinaingia na kutoka. Ukisema ngozi ina matundu, mimi nasikia vinyweleo, au nasikia ngozi iliyotobolewa. Shimo lina sakafu. Unachimba, unafika chini, unasimama. Kovu lililobonyea lina sakafu. Ukiligusa kwa ncha ya kidole unahisi ukingo, kisha unahisi chini. Kwa hiyo ni ukoo wa shimo.

Ila shimo lenyewe ni kubwa. Mashimo ni ya choo, ya taka, ya Jogoo Road. Mtu akisema "uso wake una mashimo" amemtukana, hata kama hakukusudia, kwa sababu ametumia kipimo cha barabara kwa shavu la mtu. Kishimo, vishimo, kile ki- cha udogo, hurudisha mambo kwenye kipimo chake. Ndiyo maana mimi husema vishimo.

Bonde na mabonde ni lugha ya utani wa vijana, "uso wa milima na mabonde". Usiiandike kwenye kijikaratasi.

Madaktari wa ngozi huyagawa makovu ya chunusi yaliyobonyea katika maumbo matatu, nami kwa Kiswahili huyaeleza hivi: lile jembamba na refu kwenda chini, kama ngozi imedungwa kwa msumari, lile pana lenye kuta zilizosimama, kama kisanduku, na lile lisilo na ukingo, ngozi imeteremka polepole kama mawimbi. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote matatu.

Lakini "vishimo mashavuni" si ndiyo urembo?

Ndiyo! Na hapa ndipo wanaoanza kutafsiri huanguka. "Msichana mwenye vishimo mashavuni" ni sifa. Msomaji anamwona akicheka na mashavu yakibonyea pande zote mbili, jambo ambalo hapa mjini hutongozewa. Nilishaona maelezo ya krimu yaliyoahidi "kuondoa vishimo vya mashavu". Nani angenunua?

Ukitaka makovu, neno makovu lazima liwepo mahali fulani katika sentensi. "Makovu ya vishimo." "Vishimo vilivyoachwa na chunusi." Ukitaka urembo, ongeza kicheko: "akicheka, vishimo vinatokea". Makovu hayangoji mtu acheke.

Vipi "madoadoa"?

Hapana, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya lugha. Doa ni rangi. Chui ana madoadoa, kanga yule ndege ana madoadoa, shati lililomwagikiwa mafuta lina madoa. Pitisha mkono, hutahisi kitu. Kovu lililobonyea unalihisi hata gizani. Alama nyeusi zinazobaki chunusi zikipona, ambazo hazijabonyea, hizo ni madoa au mabaka, na kwa ngozi zetu ni za kawaida kuliko vishimo.

Ya pili ni ya Kenya. Neno hili lilitumika katika siasa za Bonde la Ufa kuwataja majirani wa jamii nyingine kama uchafu wa kuondolewa, na tunajua yaliyofuata baada ya uchaguzi wa 2007. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliorodhesha madoadoa miongoni mwa maneno ya chuki. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuandika "ondoa madoadoa usoni" na asione neno. Hapa, kwenye bango kubwa, mimi singethubutu. Nilimwambia hivyo yule muuza vipodozi wa Dubois Road. Alikuwa ameshachapa lebo mia mbili. Alinitazama kama mimi ndiye niliyezichapa.

Kovu, kidonda, kigaga: tofauti ni nini?

Kidonda kiko wazi. Kikikauka juu kinafanya kigaga. Kigaga kikianguka, kinachobaki ni kovu. Usiseme "kovu linauma na kutoa usaha", maana hilo bado ni kidonda. Katika mazungumzo ya siasa tunasema fulani "ametonesha kidonda", naye hutonesha kile ambacho watu walidhani kimeshakuwa kovu.

Kovu hii au kovu hili?

Kovu hili, makovu haya. Kishimo hiki, vishimo hivi. Ndui hii, wingi wake hatuna kazi nao. "Makovu hizi" ni la mtaani, nalo nalisikia hata redioni.

Je, chale ni makovu ya aina hii? Na yale yaliyovimba?

Chale huchanjwa kwa makusudi kwa wembe, ziwe za dawa au za urembo. Ni mistari, si vishimo. Kovu lililovimba na kupita mpaka wa jeraha lenyewe, kama lile linaloota kwenye ndewe baada ya kutoga sikio, ni kinyume kabisa cha tunachozungumzia: hilo limepanda, haya yameshuka. Chunjua ni uvimbe mdogo mgumu, wala si kovu. Usiichanganye na chunusi kwa kuwa zinaanza sawa. Mashilingi yale ya kichwani mwa watoto ni fangasi, na jina lake limetokana na umbo la sarafu. Umeona, Kiswahili hakiogopi kutaja umbo.

Naweza kusema ukuta au barabara ina makovu ya ndui?

Waingereza husema hivyo, na mtafsiri mvivu hufuata. Kwetu haikai. Barabara ina mashimo, kisha inatiwa viraka, kisha viraka vinakuwa mashimo. Mwezi una kreta. Ukuta una matundu ya risasi, hata pale risasi haikupita upande wa pili (najua, nimesema tundu hupita, lugha nayo ina ukaidi wake).

Kovu peke yake, bila ndui, husafiri vizuri: makovu ya ghasia, makovu ya ndoa, makovu moyoni. Na gazeti likitaka ugonjwa wa kuufananisha na ufisadi lina donda ndugu na saratani. Ndui haikupata kazi hiyo, labda kwa kuwa iliondoka kabla wahariri wetu hawajaizoea.

Wazee wa lugha nyingine za hapa Nairobi waliiitaje ndui?

Nitataja moja niliyo na hakika nayo. Kwa Kikuyu ndui ni mũtũng'ũ. Wakikuyu walikuwa wakiyapa marika ya waliotahiriwa majina ya mambo makubwa ya mwaka wao, na kuna rika la miaka ya 1890 linaloitwa kwa jina hilo hilo, Mũtũng'ũ. Yaani ugonjwa uliwapiga hadi ukawa tarehe. Mwisho wa muongo huo ndui ilirudi pamoja na njaa kubwa ya 1898 na 1899, ikaua watu wengi upande wa Kiambu, na ni mwaka huo wa 1899 reli ilipofika mahali palipokuja kuwa Nairobi. Mji huu ulianza kujengwa kando ya mashamba ambayo wenyewe walikuwa wamekufa au kuhama.

Nikiwa kwa daktari au dukani, nieleze vipi?

Sema hivi: "Chunusi zimeisha lakini zimeniachia vishimo, sitaki kuambiwa ni madoa." Tofauti hii ina pesa ndani yake. Doa huweza kufifia kwa dawa ya kupaka na kwa muda. Kishimo ni umbo la ngozi yenyewe, na krimu ya kupaka hailijazi shimo. Daktari wa ngozi ana njia za kulipunguza, kama leza au sindano ndogo ndogo za kuichochea ngozi ijijenge, nazo hupunguza, hazifuti. Ukiahidiwa ngozi laini kwa wiki mbili kutoka kwenye kichupa kisicho na orodha ya viungo, kirudishe. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, vimepigwa marufuku Kenya, na bado vinauzwa.

Ninaandika hadithi. Nimwelezeje mhusika mwenye makovu haya bila kumdhalilisha?

Mtaje mtu kwanza, kovu baadaye, na usilirudie kila anapoingia. "Mwanamume mrefu, mwenye makovu ya ndui mashavuni" inatosha mara moja. "Yule wa ndui" haifai popote.

Nilikulia Eastlands, na geti la mtaa wetu lililindwa na mzee aliyekuwa na makovu hayo kuanzia paji la uso hadi shingoni. Sisi watoto tulimwita Kokoto. Siku moja mama alinisikia nikimwita hivyo kwa sauti, nikakamatwa sikio na kurudishwa hadi getini. "Msalimie babu yako." Nikasema shikamoo babu, macho chini. Akaitika marahaba mjukuu wangu, akacheka kidogo, akavuta kigoda na kuketi ili uso wake uwe sawa na wangu. "Unajua kuhesabu?" akaniuliza. "Hesabu basi." Nikaanza na shavu la kushoto, bila kugusa. Nilipofika kumi na moja aliushika mkono wangu akakiweka kidole changu kwenye kimoja karibu na jicho. Kilikuwa laini, laini kuliko ngozi iliyokizunguka, na kidole changu kiliingia vizuri kama kwenye kitufe. Akasema alikipata akiwa na umri wangu, na kwamba dadake hakuwahi kupata makovu. Nikasema alikuwa na bahati. Mama akanivuta tuende.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa alichosema.

Nataka kumuuliza nyanya yangu kuhusu ndui. Nitumie maneno gani?

Usianze na "Nyanya, uliugua ndui?" Anza na chanjo: "Nyanya, mlichanjwa ndui mkiwa wadogo?" Kuchanja ndui ni usemi wa zamani na masikio yake yataushika mara moja. Kuna uwezekano mkubwa atapandisha mkono wa gauni na kukuonyesha alama ya mviringo, imebonyea kidogo, pana kama kitufe cha shati. Waliochanjwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mara nyingi walidungwa kwa sindano yenye ncha mbili, haraka haraka mara 15 mahali pamoja. Waliozaliwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 wengi wanayo.

Yako wewe, iliyo kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko, si ya ndui. Hiyo ni chanjo ya kifua kikuu, unayopewa siku za kwanza za maisha. Zote mbili tunaziita alama ya chanjo, na zote mbili ni makovu yaliyobonyea. Ziweke sambamba, mkono wako na wake, na umwache aanzie anapotaka.